Uso Wenye Macho Mawili: Jibu kwa Msomaji kuhusu Chombo cha Shaba cha Matambiko kutoka China

Ndugu msomaji,

Umeniandikia kutoka Birmingham kwamba mwaka jana ulinunua mnadani chombo cha shaba chenye umbo la jagi la maua, na kwamba kikaratasi kilichofungwa shingoni mwake kilidai kuwa ni chombo cha matambiko cha nasaba ya Shang ya China, chenye umri wa miaka 3,000. Umekipima ukakuta kimo chake ni sentimita 29 na uzito wake ni kilo tatu na robo. Mdomo umepanuka kama tarumbeta, kiuno kimetuna, na mguu umetanuka tena chini. Mbavu nne zinapanda kutoka mguuni kuelekea mdomoni, na kati ya kila ubavu na mwenzake kuna uso wa mnyama mwenye macho mawili yaliyotokeza, asiye na taya la chini, aliyezungukwa na mizunguko midogo ya pembe nne. Chini kabisa kuna herufi sita za Kichina ndani ya kisanduku. Kutu ya kijani imejaa mabondeni mwa nakshi, nawe unasema ilitoka kidogo ulipoipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Unauliza mambo manne: kama chombo ni cha kale kama ulivyoambiwa, kama wageni wako wana haki ya kuuita uso ule shetani, kilitumika katika ibada gani, na kama unaweza kumtii mama yako aliyeko Tanga, ambaye amekushauri kwa simu ukisugue kwa ukwaju na majivu.

Naanza na la mama kwa kuwa ndilo lenye haraka: tafadhali usikisugue. Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie kwamba ushauri wake ni sahihi kabisa kwa sinia na kwa birika la kahawa, lakini chombo hiki kina ngozi ambayo ikishaondoka hairudi. Sababu nitazieleza mbele. Na la umri nalijibu mapema, usije ukasoma kurasa zote roho juu: chombo chako si cha Shang. Kwa maelezo na picha ulizotuma, nadhani ni cha karne ya 18 au ya 19, wakati wa nasaba ya Qing. Hata hivyo nakuomba usikiweke kabatini kwa kukata tamaa, kwa maana ni chombo cha ibada kweli, na nakshi yake inabeba kumbukumbu ya jambo la kale kuliko yenyewe. Ni nakshi hiyo, zaidi ya kutu na zaidi ya kikaratasi, iliyonipa jibu.

Kwanza niweke sawa neno moja. Katika Kiswahili cha kila siku tunaita shaba vitu vitatu tofauti: shaba nyekundu ya nyaya za umeme, shaba ya njano ya masinia na vitasa, na mchanganyiko mgumu wa shaba nyekundu na bati ambao vitabu huuita bronzi. Vyombo vya matambiko vya China ya kale ni bronzi, na mara nyingi mafundi waliongeza risasi ili metali itiririke vizuri ndani ya kalibu. Shaba ya njano, kwa upande wake, hupatikana kwa kuchanganya shaba nyekundu na zinki. Tofauti hiyo itatufaa baadaye.

Umbo la chombo chako lina jina. Wachina huliita zun, na katika Shang lilikuwa chombo cha kuwekea pombe ya nafaka iliyotolewa kwa wazee waliokufa. Nasema matambiko kwa makusudi, kwa sababu neno hilo linakaa hapa vizuri kuliko neno lolote jingine: wafalme wa Shang, ambao mji wao mkuu wa mwisho ulikuwa mahali panapoitwa leo Anyang, mkoani Henan, waliamini kwamba mizimu ya babu zao ndiyo iliyotuma mvua, ushindi, maumivu ya meno na uzazi salama, na kwamba ilipaswa kulishwa na kunyweshwa kwa zamu, kila mzimu siku yake. Habari hizo tunazo kwa maandishi yao wenyewe, yaliyochanjwa juu ya magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe iliyotumiwa kupigia ramli, ambayo wasomi wa China walianza kuitambua mwaka 1899.

Wingi wa vyombo hivyo ni vigumu kuusadiki mpaka mtu asome orodha ya kaburi moja. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang, mwanamke aliyeufanyia mji wa Anyang kazi ya maisha yake, alifukua kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, aliyezikwa yapata mwaka 1200 KK. Kwa ukubwa halikuwa kaburi la kutisha, lakini wezi hawakuwahi kulifikia. Ndani mlikuwa na vitu 468 vya bronzi, vyenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu kwa pamoja. Miongoni mwake mlikuwa na vikombe virefu vyembamba viitwavyo gu 53, na vikombe vya miguu mitatu viitwavyo jue 40, vyote vya pombe. Bibi huyo alipelekwa kwa wazee wake akiwa na vyombo vya kutosha kuandaa karamu kubwa huko alikokwenda.

Sasa tuje kwenye uso. Fanya jaribio hili: chukua picha ya chombo halisi cha Shang, ufunike nusu ya uso kwa kiganja, ukigawanya sawasawa puani. Nusu iliyobaki wazi utaiona imekuwa mnyama mzima aliyesimama ubavu: jicho moja, pembe moja, mwili uliojikunja nyuma, mkia, na mguu mmoja wenye kucha. Huyo ni aina ya joka ambalo wasomi wa baadaye waliliita kui. Ondoa kiganja, na majoka mawili yanayotazamana pua kwa pua yanageuka tena kuwa uso mmoja unaokukodolea macho. Usomaji huo wa namna mbili ndio moyo wa nakshi ya Shang. Jicho haliwezi kutulia, kwa kuwa kila mara linapoamua limeona nini, mchoro unalirudisha upande wa pili.

Jina linalotumika sana kwa uso huo ni taotie. Halikutoka kwa Wa-Shang. Linapatikana katika maandishi ya karne ya 3 KK, yanayosema kwamba juu ya vyombo vya kale kulichorwa mlafi mmoja mwenye kichwa bila kiwiliwili, aliyekula watu na kuangamia kabla hajameza. Yapata miaka 1,300 baadaye, wasomi wa nasaba ya Song waliokuwa wakikusanya bronzi za kale walilichukua jina hilo na kulipachika kwenye uso huu, na likaganda. Kwa hiyo hata hadithi ya ulafi, inayorudiwa na wauzaji wengi, ni ya watu walioishi karne nyingi baada ya nakshi yenyewe.

Wataalamu wamegawanyika juu ya maana yake. Max Loehr, aliyechapisha mwaka 1953 mpangilio wa mitindo mitano ya nakshi za Shang, aliona kwamba uso ulianza kama mistari na macho tu, ukakua hatua kwa hatua mikononi mwa mafundi, na kwamba tusiulazimishe kubeba maana ambayo haukuzaliwa nayo. Mpangilio wake aliufanya kwa kutazama mitindo peke yake, na uchimbaji uliofuata ukauthibitisha, jambo linalompa uzito. K. C. Chang kwa upande wake aliwaona wanyama hao kuwa wasaidizi wa makuhani katika safari ya kwenda kwa waliokufa. Mimi naegemea kwa Loehr kuhusu asili ya mchoro, lakini nashindwa kuamini kwamba watu waliomwaga damu ya ng'ombe na ya mateka mbele ya vyombo hivi walitazamana na macho yale miaka mia kadhaa bila kuhisi kitu. Macho yaliwekwa pale yatazame. Kuhusu shetani, waambie wageni wako kwa upole kwamba neno hilo linatoka katika dini nyingine na nchi nyingine. Uso huu uliwekwa juu ya chakula na kinywaji cha wazee wa ukoo, mahali pa heshima kuliko pote nyumbani mwa mfalme, na watu hawapambi meza ya babu zao kwa sura ya adui yao.

Mizunguko midogo ya pembe nne inayoujaza uwanja wote huitwa leiwen, yaani nakshi ya radi. Hilo nalo ni jina la baadaye, lililotokana na kufanana kwake na namna ya kale ya kuandika neno la radi. Kazi yake katika Shang ilikuwa kuweka ardhi nyembamba inayotetemeka nyuma ya mnyama, ili mnyama aliyeinuliwa juu yake aonekane anatokeza kutoka kwenye giza. Katika vyombo bora mizunguko hiyo ni myembamba kama uzi, na haikosei kona hata moja. Na yale maumbo marefu yaliyochongoka, yanayopanda kutoka kiunoni hadi mdomoni mwa chombo chako, Wachina wanayaita majani ya mgomba. Nafurahi kila ninapolitaja jina hilo kwa msomaji wa pwani yetu, kwa sababu atalielewa mara moja. Hata hivyo fundi wa Shang hakuwa na mgomba akilini. Ndani ya kila jani la kale mna mnyama aliyekatwa na kukunjuliwa kichwa chini, au mara nyingine nyenze mwenye mabawa yaliyofumbwa. Watu wengi hufikiri kwamba nyenze, ambaye hukaa ardhini miaka kisha akatoka na kupanda mti, alimaanisha kufufuka. Katika Shang hayo hayajaandikwa popote, ila mdudu mwenyewe yupo na anatambulika.

Siwezi kueleza nakshi hiyo bila kueleza kalibu, kwa sababu moja ilizaliwa na nyingine. Mafundi wa sehemu nyingi za dunia walisubu kwa nta: walichonga umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakaichoma nta itoke. Fundi wa Anyang alifuata njia nyingine. Alifinyanga kwanza kielelezo cha udongo chenye umbo la chombo. Kilipokauka alikikandika udongo mwingine laini, akaubana hadi ukashika umbo na nakshi, kisha akaukata vipande wima na kuvibandua kama mtu anavyobandua maganda ya chungwa. Nakshi nyingine alizichonga papo hapo ndani ya vipande. Halafu alikwangua kielelezo chenyewe kwa kiasi cha unene aliotaka, kikabaki kiini. Akavirudisha vipande vilivyochomwa kukizunguka, akaweka vijipande vya bronzi ili kiini na kalibu visigusane, na kwa kawaida akageuza vyote juu chini na kumimina metali kupitia mguuni.

Tazama matokeo yake. Kwa kuwa kalibu ilikatwa vipande vinavyolingana, nakshi nayo ikagawanyika katika vyumba vinavyolingana. Pale vipande vilipokutana, metali ilipenya na kuacha mshono, na fundi, badala ya kuusugua ufutike, akauinua ukawa ubavu. Mara nyingi ubavu huo ndio pua ya uso: joka moja liko kwenye kipande cha kushoto, la pili kwenye kipande cha kulia, na mshono unaowaunganisha unapita katikati ya macho. Katika chombo cha Shang, basi, ubavu ni alama ya namna kilivyozaliwa, kama kitovu kwa mtu. Ustadi huu ulifika hadi kusubu chungu cha miguu minne kiitwacho Houmuwu ding, kilichopatikana Anyang mwaka 1939, chenye uzito wa kilo 832.84, kilichoko sasa katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing.

Sasa rudi kwenye chombo chako ukiwa na hayo mkononi. Mbavu zako nne hazipiti puani mwa uso wowote. Nyuso zote nne zimekaa kati ya mbavu, kila moja na pua yake ndogo ya kuchora, na juu kidogo ubavu mmoja unakata jani la mgomba katikati kana kwamba jani halikuwepo. Aliyekitengeneza alijua kwamba chombo cha kale huwa na mbavu, akaziweka kwa heshima, lakini kalibu yake haikuzihitaji. Funika nusu ya uso wako kwa kiganja: hupati joka, unapata nusu ya uso tu. Pembe zimekuwa mawingu yaliyokunjika, miili ya pembeni imepotea, na mizunguko ya radi imekuwa mistari ya kona kona inayolingana kama ukili wa mkeka, inayopita nyuma ya mnyama bila kujali yuko wapi. Katika mabonde mawili naona mikwaruzo ya patasi, maana yake nakshi iliguswa tena kwa chuma baada ya kusubiwa, jambo ambalo fundi wa Shang hakuwa na chombo cha kulifanyia wala haja nalo.

Mguu unasema hivyo hivyo. Chini ya zun ya Shang ni wazi: ukitia mkono unagusa moja kwa moja sakafu ya tumbo la chombo kwa nje, na mara nyingi kwenye ukuta wa mguu mna vitundu vyenye umbo la msalaba, vilivyoachwa na vishikizo vya kiini. Chako kimezibwa kwa bamba lililotiwa baadaye, na juu ya bamba hilo ndipo palipopigwa zile herufi sita. Ama kutu ya chombo kilichokaa ardhini miaka elfu tatu, hukua kutoka ndani ya metali: chini kuna tabaka jekundu, juu yake kijani, pengine na buluu, na haitoki kwa maji. Kutu iliyobaki kwenye kitambaa chako ilikuwa rangi na gundi, iliyopakwa na mtu aliyejua kwamba wapenzi wa vitu vya kale wanapenda kijani. Chombo cha Shang siku kilipotoka kwenye kalibu kiling'aa kama dhahabu. Ndiyo maana sikutilia maanani ule mkwaruzo wa njano ulionionyesha kama ushahidi wa upande wowote, kwa kuwa bronzi yenye bati ya kutosha nayo ni ya njano. Ukitaka uhakika zaidi, tafuta chuo kikuu chenye kipimo cha eksirei cha mkononi kinachosoma metali bila kuikwaruza. Kikionyesha zinki kwa asilimia kadhaa, kama ninavyotarajia, mjadala wa Shang umefungwa, kwa maana vyombo vya Shang ni vya shaba nyekundu, bati na risasi.

Herufi sita zinasomeka Da Ming Xuande nian zhi, yaani "kilitengenezwa katika enzi ya Xuande ya Ming kuu". Enzi hiyo ya mfalme Xuande, wa nasaba ya Ming, ilidumu kuanzia mwaka 1426 hadi 1435, na inasimuliwa kwamba mfalme huyo aliamuru visubiwe vyetezo na vyombo vingi vya ibada kwa shaba bora iliyotoka Siam. Sifa ya vyombo hivyo ikawa kubwa mno hivi kwamba mafundi wa karne zote zilizofuata walipiga alama ya Xuande kwenye kazi zao, wengine kwa kudanganya, wengi kwa kuonyesha heshima, na alama hiyo peke yake haithibitishi tarehe. Lakini angalia alivyojichanganya aliyeandika kile kikaratasi: chombo kinachojitaja chenyewe kuwa cha Ming alikiita cha Shang, na tofauti kati ya hizo mbili ni zaidi ya miaka 2,400. Aliyepiga alama hakutaka kukudanganya kwamba ni Shang. Udanganyifu, au ujinga, uliingia mnadani.

Inabaki kueleza ilikuwaje fundi wa Qing akasubu umbo la Shang. Baada ya Wa-Zhou kuiangusha Shang, yapata mwaka 1046 KK, waliwalaumu Wa-Shang kwa ulevi, ingawa kwa muda waliendelea kusubu vyombo vya pombe. Mojawapo ni He zun, iliyopatikana Baoji, mkoani Shaanxi, mwaka 1963, yenye kimo cha sentimita 38.8. Miaka 12 baadaye, ilipokuwa ikisafishwa, ndani ya tumbo lake yakaonekana maandishi ya herufi 122, ambamo limo neno zhongguo, jina ambalo Wachina wanaiitia nchi yao hadi leo, likiwa limeandikwa mara ya kwanza kati ya maandishi yote tuliyo nayo. Uso wa taotie bado umo katika nakshi yake, na mbavu zake bado ni za kalibu. Kufikia karne ya 9 KK, hata hivyo, vyombo vingi vya pombe viliachwa, nafasi yake ikachukuliwa na vyungu vya chakula na kengele, na uso wenye macho ukayeyuka kuwa mawimbi na magamba ya samaki.

Ulirudi kwa mlango wa usomi. Chini ya nasaba ya Song, vyombo vilivyofukuliwa na wakulima au na wezi wa makaburi vilianza kuchorwa na kupangwa. Lü Dalin alikamilisha orodha yake yenye michoro mwaka 1092, na mfalme Huizong, aliyetawala kuanzia 1100, alikusanya maelfu na kuamuru visubiwe vipya kwa mfano wa vile vya kale kwa ajili ya ibada za dola. Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen yaliuteka mji wake mkuu, Kaifeng, yakamchukua mateka yeye na mali zake. Vyombo vilitawanyika, ila michoro iliyochapishwa ikabaki, na kwa michoro hiyo mafundi wa karne nyingi, ambao pengine hawakuwahi kushika bronzi ya Shang, walijifunza uso wa taotie. Ndiyo sababu uso wako ni bapa na umepoteza majoka yake: babu yake ni mchoro wa kitabuni.

Umbo la zun na lile la gu yalipata kazi mpya. Katika mahekalu ya Kibudha na ya Kidao, na mbele ya vibao vya majina ya wazee katika nyumba za ukoo, ilizoeleka kupanga vyombo vitano mezani: chetezo cha udi katikati, vinara viwili vya mishumaa kandoni mwake, na vyombo viwili vya maua mwishoni. Kwenye makaburi ya wafalme wa Ming karibu na Beijing vyombo hivyo vitano vimechongwa kwa mawe, vikubwa, vimesimama mpaka leo juu ya meza za mawe. Chombo chako, kwa maoni yangu, ni kimoja cha jozi ya maua kutoka meza kama hiyo, ya hekalu dogo au ya ukoo wenye uwezo wa wastani. Kilikuwa na pacha wake, na ukimpata mwenye kukuuzia muulize kama alikuwa naye. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni kwamba kilitumika katika ibada, tena ibada ya wazee waliokufa, kama zun ya Fu Hao, isipokuwa kilibeba maua mahali pa pombe.

Uko mwendo wa saa chache tu kutoka London, na katika Makumbusho ya Uingereza kuna vitu viwili ambavyo ningependa uvitazame kabla ya kufikiria lolote kuhusu kukiuza. Cha kwanza ni zun ya Shang yenye kondoo dume wawili waliopeana migongo, wakiubeba mdomo wa chombo kati yao. Simama mbele yake, utafute mshono na uone jinsi nakshi inavyoupokea. Cha pili ni jozi ya vyombo vya kauri vyeupe vyenye michoro ya buluu, vinavyojulikana kwa jina la mkusanyaji wao, Percival David. Maandishi ya shingoni mwao yanasema vilitolewa hekaluni mwaka 1351 pamoja na chetezo. Chetezo kimepotea. Ni kauri, wala si shaba, lakini ni ndugu wa chombo chako kwa kazi, na ukivitazama utaelewa kilisimama wapi.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Ukwaju na ndimu ni asidi, na majivu hukwangua. Vikikutana juu ya chombo hiki vitaondoa rangi ya kahawia iliyotokana na moshi wa udi na mikono ya watu wa miaka mingi, pamoja na ncha za mizunguko ya nakshi, kisha kitang'aa kama kitasa kipya. Tumia brashi laini, kavu, ya manyoya. Ile kijani ya kupaka iache kwanza, kwa sababu huenda ilipakwa siku ile ile chombo kilipotengenezwa, na hapo ni sehemu ya historia yake. Kiweke mahali pakavu, mbali na dirisha linalotoa jasho wakati wa baridi. Ukiona siku moja vidoa vya unga wa kijani mpauko vinavyorudi kila unapovipangusa, hiyo si kutu ya kawaida. Chumvi za kloridi zinakula metali kutoka ndani, na unapaswa kukitenga pakavu kabisa na kumwona mhifadhi wa metali mara moja.

Mwisho wa barua yako uliuliza, kama kwa kuomba radhi, iwapo ni vibaya kutia maua ndani yake. Waandishi wa China wa enzi za Song na Ming waliamini kwamba bronzi iliyokaa ardhini muda mrefu huyafanya maua yachelewe kunyauka, na walikuwa radhi kulipa fedha nyingi kwa gu ya kale ili wasimamishe humo tawi moja la mplamu wenye maua mapema ya majira ya baridi. Chako kilitengenezwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Tafuta gilasi nyembamba ndefu inayoingia ndani ya shingo, maji yakae kwenye gilasi yasiguse metali, na maua yasiwe mengi, ili majani ya mgomba yaliyochorwa mdomoni yaendelee kuonekana.